Mimi na mume wangu tunasambaza mizigo Tanga mjini. Kazi yenyewe iko hivi

Mleta uzi:

Wakuu, habari za majukumu.

Guta letu, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, likipita njia ya Kange watu wanamwona dereva. Aliyekaa pembeni na daftari mapajani wanamhesabu abiria. Huyo ndiye mimi. Naandika kwa sababu wanandoa kadhaa wameshaniuliza kama kazi hii inalipa na inafanywaje, na kwa sababu kuna jambo ndani yake linanikera ambalo nitalifikia.

Tunakaa Ngamiani. Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, lakini kwa mtu wa mizigo bado ni sehemu mbili na ziada yake. Upande wa bahari kuna maofisi, mabenki, hospitali ya Bombo na nyumba za Raskazone zenye mageti na walinzi. Ukivuka reli unaingia Ngamiani na barabara zake za namba, ambako mtu akikwambia Barabara ya 9 karibu na msikiti, umefika. Ziada ni mitaa iliyopanuka miaka ya karibuni: Kange, Majani Mapana, Magaoni, Mwakidila na kwingineko. Huko ndiko simu inakopigwa mpaka chaji inaisha.

Vyombo vyetu ni viwili, guta na baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, ardhi tambarare, na mama mwenye buibui juu ya baiskeli hamshangazi mtu yeyote. Guta linabeba vizito. Mimi na baiskeli napita vichochoroni na vifurushi vyepesi kwenye keria, nimevibana kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu.

Siku inaanzia kwenye tanuri la mikate kabla ya adhana ya alfajiri. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoharibu. Mkate unatoka wa moto, na mkate wa moto haufungiwi. Ukiufunika ukiwa na mvuke, saa nne umeshalowa kwa ndani, kesho yake una ukungu, na mwenye duka atasema ninyi ndio mnaleta mizigo mibovu. Kwa hiyo tunapanga kreti wazi, tunaacha upepo upite mpaka ukigusa mkate kwa nyuma ya kiganja unahisi uvuguvugu tu, ndipo turubai linawekwa. Kreti ya duka la mwisho inaingia ya kwanza, kule ndani kabisa. Ya duka la kwanza inakaa nyuma, karibu na mkono. Mume wangu anapakia, mimi nasoma majina ya maduka kwa kuanzia mwisho. Tukimaliza, hakuna kupekua njiani. Guta likisimama, kreti inashuka, tupu ya jana inapanda, tunaondoka.

Njia ya mikate ni Makorora, Msambweni, kisha tunarudi Mabawa. Karibu mzigo wote unakwenda kwa mali kauli: leo unaacha, kesho unachukua pesa ya jana na iliyobaki. Hapo ndipo daftari linapokuwa na kazi. Kila duka lina ukurasa wake, na kila ukurasa una safu nne: iliyoachwa, iliyorudi, iliyolipwa, deni. Mwenye duka anatia saini yake mwenyewe, hata kama ni mkwaju mmoja tu wa kalamu. Nimeona watu wakiwa na guta zima na wateja wengi wakafunga kazi kwa sababu ya mali kauli waliyoiweka kichwani. Kichwa hakina saini.

Jua likishapanda tunakuwa Soko la Mgandini. Akina mama ntilie na migahawa midogo wameshanitumia meseji usiku: nyanya, vitunguu, viazi, kabichi kutoka Lushoto, na machungwa ya Muheza msimu wake ukifika. Sokoni mimi ndiye ninayechagua. Mume wangu anakaa na guta, maana guta lenye mzigo haliachwi peke yake sokoni hata kwa dakika ya kununua maji. Namchagulia mama ntilie nyanya ya leo na ya kesho, si zote mbivu, na hilo ndilo linamfanya aniagize tena. Angetaka nyanya tu angemtuma mtoto.

Kuelekea saa sita mchana mabasi yaliyotoka Dar alfajiri yanaanza kuingia stendi ya Kange, na hapo inaanza kazi ninayoiona kuwa ndiyo kazi hasa: vifurushi. Mtu wa Tanga siku hizi ananunua Kariakoo akiwa amekaa kwake. Anaona kwenye simu, analipa, muuzaji anampa kondakta mzigo. Lakini mzigo unaishia Kange, na Kange si mjini. Mwalimu aliye darasani, nesi aliye zamu Bombo, mama mwenye kichanga, wote hao hawawezi kwenda kukaa stendi kusubiri basi ambalo pengine lilikwama Chalinze au lilichelewa Segera. Sisi tunasimama badala yao. Mteja ananitumia picha ya risiti ya parseli, mimi napiga ofisi ya basi kuuliza limefika wapi, na likiingia tupo.

Kabla sijasaini nakagua. Siku moja tulipokea boksi la vitenge limelowa maji ya samaki, kwenye buti limepangwa chini ya ndoo ya mtu. Mhudumu akataka nisaini kwanza, tuongee baadaye. Nikakataa. Nikalipiga picha palepale likiwa juu ya meza yao, na kibandiko cha namba kikionekana, nikamtumia mteja na muuzaji kwa pamoja, nikasubiri waelewane wao watatu. Ilichukua mchana wote na wateja wengine walichelewa, ila vitenge vililipwa. Ukishasaini na kutoka nalo mlangoni, lile boksi ni lako na harufu yake.

Sasa anwani. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Nyumba zikawekewa namba, mitaa ikapata vibao, na kukawa na programu ya simu ya NaPA ya kutafutia anwani. Mimi ni mtetezi wa jambo hili, naliombea lishike mizizi. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui namba za nyumba zetu wenyewe. Mteja anakwambia: "Ukifika kwenye mwembe, nyoosha, utaona nyumba ya bati la bluu." Mwembe upi, na mabati ya bluu yako mangapi Majani Mapana? Kwa hiyo kabla guta halijawashwa namwomba mteja atoke nje, aniangalizie kibao cha mlangoni, anisomee mtaa na namba. Wengine ndiyo mara yao ya kwanza kukitazama. Siku ya pili hawahitaji kuelekeza chochote.

Na mnaotuma lokesheni kwa WhatsApp, naomba sana: tuma ukiwa nyumbani, siyo ukiwa kazini. Mtu yuko ofisini karibu na bandari anabonyeza "nilipo", sisi tunakwenda na godoro bandarini, kumbe godoro ni la Magaoni. Kule bandarini nako si pa kuzubaa. Tangu gati liongezwe kina hadi mita 13 na meli kubwa zifunge gatini badala ya kutia nanga mbali na kupakuliwa kwa matishari, malori yamezidi, na guta mbele ya lori la kontena halina nafasi ya kubishana.

Nije kwenye kiini. Kazi hii inasimama juu ya mlango, na mlango haufunguki kwa kila mtu.

Mchana uswahilini wamebaki wanawake, watoto na wazee. Mwanamume mgeni akipiga hodi, dada aliye ndani hatoki hivihivi. Atatafuta mtandio, atachungulia, au atasema kupitia dirishani aje tena jioni bwana akiwepo. Ana haki yake, wala simlaumu. Lakini kwa msambazaji hiyo ni safari ya pili kwa nauli moja. Mimi nikipiga hodi naambiwa "karibu dada", napita mpaka uani, mzigo unafunguliwa mbele yangu, unapimwa, unakaguliwa, na pesa inafunguliwa kwenye pindo la kanga. Ikiwa nguo imebana naambiwa palepale, narudi nayo, simsumbui mtu kupiga simu tatu.

Kuna bibi mmoja Msambweni, mwanawe yuko mbali, kila mara anamtumia dawa na vitu vidogo vidogo. Nikifika: "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umekuja na baba watoto?" Halafu ananipa pakiti za dawa nimsomee. Nasoma kilichoandikwa na mtu wa duka la dawa, neno kwa neno: kimoja asubuhi, kimoja usiku, baada ya kula. Kama hakikuandikwa sibahatishi, nampigia mwanawe palepale, namwekea bibi simu sikioni. Hiyo haimo kwenye nauli. Lakini yule bibi ndiye aliyetutaja kwa majirani zake, na mtaa ule leo unatupigia sisi.

Ndiyo maana linanikera hili: duka moja la jumla lilitaka kutupa kazi ya kudumu. Wakapanga posho ya dereva kwa siku na mafuta. Mimi wakanitaja hivi: "Na mkeo atakusaidia." Daftari ni la kwangu, simu zote napokea mimi, milango nafungua mimi, nikishuka kwenye guta mzigo haufiki, na bado mbele yao mimi ni msaada. Mume wangu akawajibu, "Mkimtaka mmoja nitakuja mmoja, na simu za wateja mtazipokea wenyewe." Wakatafuta mtu mwingine. Tuliikosa kazi ile na sijutii hata kidogo. Nawaomba wenye maduka: mkiajiri mtu na mkewe, lipeni watu wawili. Sisemi mara mbili ya pesa. Nasema majina mawili kwenye makubaliano na malipo yanayojua kuwa mikono ni minne.

Hesabu kwa kifupi. Pesa ya siku inatoa kwanza mafuta, kisha fungu la guta (oili, matairi, mnyororo), kisha linalobaki tunagawana sawasawa. Langu linakwenda nyumbani na kwenye mchezo wa akina mama, lake linakwenda nyumbani na kwenye ada za shule. Guta tulilichukua kwa mkataba, tukalipa kidogo kidogo mpaka likawa letu, na kadi ina jina letu.

Maswali nakaribisha.


Mchangiaji, bodaboda wa Chumbageni:

Dada hongera, ila niseme la moyoni. Ninyi wa maguta mnatuumiza sisi wa pikipiki. Mnabeba vifurushi kumi kwa safari moja, mnachaji kidogo kidogo kila mteja. Mimi nikibeba kimoja kwenda Raskazone siwezi kushindana. Na wateja sasa wanatuambia "mbona guta ni nafuu".

Mleta uzi:

Kaka yangu, nakuelewa na sikukatalii. Kwetu kifurushi cha kutoka Kange kwenda mjini ni nafuu kwa sababu kinasubiri wenzake. Mteja wa guta anajua anaweza kukipata saa tisa au saa kumi na moja. Wewe unauza haraka, na haraka ina bei yake, usiishushe. Mteja akinipigia anataka kitu ndani ya nusu saa nampa namba ya bodaboda, ninao vijana kadhaa ninaowaamini, na sichukui kamisheni. Ninachowaomba vijana wa pikipiki ni kofia ngumu ya pili kwa abiria, na mzigo msiuweke juu ya tangi mbele. Nimeona kijana akikata kona na ndoo ya rangi mapajani, usukani hauzunguki.


Mchangiaji, Bagamoyo:

Habari dada. Mimi na mke wangu tuko Bagamoyo, tuna pikipiki ya kawaida tu. Tumesoma uzi wako pamoja. Je, huku inawezekana? Mji wetu mdogo, na watu wengi wanakwenda Dar wenyewe.

Mleta uzi:

Salamu kwa shemeji yangu huyo. Inawezekana, ila msiige yetu kama ilivyo. Sisi vifurushi vinatubeba kwa sababu Dar ni mbali, kama kilomita 350, mtu hawezi kwenda na kurudi kwa ajili ya jozi ya viatu. Ninyi mko jirani, magari ya Dar yanaingia na kutoka kutwa. Kwa hiyo vifurushi visiwe nguzo yenu. Mimi ningeanza na vitu vinavyotoka hapohapo Bagamoyo kwenda kwa walioko hapohapo: samaki wa asubuhi kwa wenye nyumba za wageni na migahawa, mikate na vitafunwa kwa maduka ya mitaani, mitungi ya gesi kwa majumbani. Nendeni kwa wenye migahawa, waulizeni kitu gani wanachokosa saa wanapokihitaji. Jibu lao ndilo njia yenu ya kwanza. Mke wako ashike simu na daftari tangu siku ya kwanza, hata kama wateja ni watatu.

Samaki wanataka barafu na boksi lenye kifuniko. Msiwabebe kwenye kiroba, maji yakichuruzika kwenye mzigo wa mtu mwingine mtalipa ninyi.


Mchangiaji:

Mimi swali langu ni la ndoa. Mnaamka pamoja, mnafanya kazi pamoja, mnarudi pamoja. Hamchokani? Mimi na mwenzangu tulijaribu duka tukafunga baada ya muda mfupi, kila siku ugomvi.

Mleta uzi:

Tunagombana, mbona. Kilichotusaidia ni kujua nani mwenye neno la mwisho wapi. Guta likiwa linatembea, yeye ndiye mwenye neno: njia ipi, mwendo gani, tusimame au tupite. Hata nikiona njia yangu ni fupi nanyamaza, kwa sababu dereva anayebishiwa haoni barabara. Guta likisimama, neno ni langu: mteja gani kwanza, nani apewe kwa deni, nani asipewe. Hata kama mdaiwa ni rafiki yake wa utotoni. Hilo la marafiki lilitusumbua sana mwanzoni.

Halafu hesabu haifanyiki kwenye chakula. Tunafunga daftari barazani kabla ya kuingia ndani, tukishaingia ni watoto na mambo ya nyumbani. Na Ijumaa mchana yeye anakwenda msikitini, mimi napata saa yangu ya kukaa peke yangu bila sauti ya injini. Mtu asikwambie ndoa haihitaji saa kama hiyo.


Mume wa mleta uzi:

Nimeazima simu ya mama watoto, mimi ndiye dereva mwenyewe. Aliyoandika ni kweli tupu, naongeza ya upande wangu.

Guta lisijazwe kwa macho, lijazwe kwa matairi. Watu wanaangalia nafasi: hapa pamebaki, ongeza mfuko mwingine wa simenti. Simenti mfuko mmoja ni kilo 50. Ukiweka mizito yote nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi, na kwenye tuta usukani unaelea mkononi. Mzito unakaa katikati na chini, mwepesi juu na nyuma. Nikianza kusikia mlio wa spoku au mnyororo unarukaruka nasimama hapohapo, sisemi "tutafika".

Mafuta: kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, inatangaza bei kikomo, na bei ya mafuta yanayopokelewa bandari ya Tanga inatajwa peke yake, si lazima ilingane na ya Dar. Mimi naiangalia siku ileile kisha tunakaa na mama watoto kupanga nauli za mwezi. Ikipanda tunawaambia wateja mapema kwa meseji moja, yenye bei ya zamani na mpya. Hatumshtukizi mtu mlangoni.

Na hili la yule tajiri wa duka la jumla: wenzangu wengine waliniambia nimekosa riziki kwa ajili ya kiburi cha mwanamke. Siyo kiburi. Mimi siwezi kuendesha na kupokea simu. Nilipokuwa peke yangu, kabla hajajiunga, nilikuwa nasimama kila hatua kupokea, mzigo wa asubuhi unafika alasiri. Huyu ndiye aliyeifanya hii iwe biashara, mwanzoni ilikuwa kibarua tu.


Mchangiaji, Pongwe:

Mungu awazidishie. Masika mnafanyaje? Huku kwetu mvua za Aprili zikikaza hata bajaji hazifiki.

Mleta uzi:

Amina. Masika tunapunguza, hatulazimishi. Mikate inaendelea kwa sababu watu wanakula kila siku, ila kila kreti inavalishwa nailoni peke yake kisha turubai juu. Vifurushi vya mitaa ya udongo tunavishusha kwa duka la jirani ambalo mteja mwenyewe amelitaja na mwenye duka amekubali kwa simu nikisikia. Mteja anavichukua akitoka kazini. Nauli ya hapo tunapunguza, maana hatukufika mlangoni. Umeme na karatasi (simu, redio, vitabu, vyeti) sitoi siku ya mvua kubwa, namwambia mteja vinalala kwangu mpaka kesho, pakavu.

Ramadhani nayo inageuza saa zote. Asubuhi panalala, kuanzia saa tisa alasiri kila mtu anataka kwa pamoja: tambi, ndizi, mihogo, maboga, nazi za kukuna. Saa moja kabla ya magharibi hatupokei oda mpya kabisa. Ninajua wanaokasirika, lakini futari inayofika baada ya adhana haina shukrani, na dereva aliyefunga akikimbizana na adhana ni hatari kwake na kwa watoto walioko barabarani.


Mchangiaji:

Mteja akikataa mzigo mlangoni? Hilo ndilo lililonitoa mimi kwenye kazi hii.

Mleta uzi:

Inategemea pesa ya mzigo iko wapi. Kama ameshamlipa muuzaji na sisi tunamdai usafiri tu, akikataa analipa nauli ya kuja, na ya kurudisha Kange anaelewana na muuzaji wake. Hilo namwambia kwenye simu kabla sijaondoka, na namwomba aniandikie "sawa" kwenye meseji. Neno lake moja hilo limenisaidia kuliko maneno yangu yote. Kama ni mzigo wa kulipia mlangoni, sibebi kwa mtu nisiyemjua bila nusu ya nauli kwenye lipa namba yetu. Mtu asiyetoa nusu ya nauli akiwa na raha zake hatatoa bei nzima ukiwa umesimama juani.

Pesa ya muuzaji siilazi na pesa yetu. Ikishaingia inatumwa usiku uleule, napiga picha ya muamala namtumia.


Mchangiaji, muuzaji wa nguo, Kariakoo:

Dada, nina wateja wengi Tanga na malalamiko hayaishi kwamba mizigo inapotea au inachelewa stendi. Sisi huku tufanye nini ili iwafikie vizuri? Nakusikiliza.

Mleta uzi:

Asante kwa kuuliza kaka, wachache wanauliza. Jina la mteja liandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lenyewe, siyo kwenye karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, maana kwenye buti karatasi inachunika. Andika jina na namba mbili za simu, ya mteja na ya mtu wa pili aliye Tanga, kwa sababu ya kwanza ikizima mzigo unalala. Andika na mtaa, siyo "Tanga" peke yake. Tunakuta maboksi matano yote yameandikwa "Mama Tanga", na akina mama wenyewe ni mji mzima.

Nguo ziweke kwenye nailoni kwanza, ifungwe kwa fundo, ndipo ziingie kwenye boksi au kiroba. Mzigo ukiwa wa kuvunjika mwambie kondakta ana kwa ana, upange nafasi yake mwenyewe ukiwa unaona, na piga picha ukiwa kwenye buti. Risiti mtumie mteja saa ileile, pamoja na namba ya gari, siyo jina la basi tu. Mabasi ya kampuni moja yanatoka mengi kwa siku.

Na kama mteja ametutaja sisi, niandikie usiku wa kuamkia safari. Nikijua mapema kwamba kuna maboksi matatu ya Magaoni na moja la Bombo, nayapangia nafasi kwenye guta kabla basi halijafika Segera.